Yuko kwa Ndege

Jumapili, Soweto, Mbeya. Mwezi wa saba.

Baridi ya leo haina adabu. Jua limetoka tangu asubuhi lakini ni la kuangalia tu, halipashi kitu. Nimekaa kitandani, soksi juu ya soksi, sweta, kanga juu ya sweta, na kompyuta mapajani. Feni yake ilishakufa kwa hiyo inachemka kama birika, na leo kwa mara ya kwanza nashukuru kwamba inachemka.

Nimetuma.

Nimebonyeza, imekwenda, na hapo hapo nikafungua ukurasa huu ili mikono iwe na kazi. Nikikaa bure nitakuwa nachungulia barua pepe kila nikipumua. Shajara yangu, wewe unanijua, mimi na subira hatukulelewa nyumba moja.

Nianze mwanzo, maana wiki hii imenipeleka mbio na sijaandika hata neno.

Redioni kwetu mimi ni mtu wa matangazo ya vifo, matangazo ya mbolea, na mbuzi waliopotea Uyole. Siyo kwamba naidharau hiyo kazi. Mbuzi wa mtu ni mbuzi wa mtu. Lakini kwa miaka sasa moyo wangu uko kwenye uandishi wa habari za takwimu, yaani badala ya kumfuata mheshimiwa na kinasa sauti uandike alichosema, unazifuata namba zilizolala makabatini, unazipanga, unazihoji, halafu unawaeleza watu kinachotokea kwenye maisha yao wenyewe. Nimejifundisha kwa video za mtandaoni na kwa kukosea. Nimekosea sana.

Mhariri wetu, Kaka Ambakisye, ni mtu mzuri lakini kwenye hili ananikatisha tamaa hadharani. Kila nikimpelekea grafu ananiuliza, "Vumi, redio ni mdomo. Huu mstari utausomaje hewani?" Studio nzima inacheka. Na mimi nacheka nao, halafu nikifika hapa chumbani nanuna, kwa sababu sijawahi kuwa na jibu.

Basi mwezi wa tano, chombo kimoja cha habari cha mtandaoni kule Iringa kikatangaza nafasi ya mwandishi wa takwimu. Nafasi moja tu. Kila mwombaji alitakiwa aje na habari moja aliyoipika mwenyewe, kwa takwimu alizozitafuta mwenyewe.

Nikasema hii ni yangu.

Nilichagua Madibira kwa sababu ndiko nyumbani, na kwa sababu walimu wa kule hawanizungushi. Nikaomba kibali halmashauri, nikapewa. Nikazunguka shule za kule kwenye mpunga nikapata mahudhurio ya miaka ya nyuma na ya mwaka huu, ya kila darasa, wiki kwa wiki. Hakuna majina, idadi tu. Nilivyochora mstari wa kwanza nikasimama kabisa kutoka kwenye kiti. Kila mwaka, mpunga unapoanza kukomaa, mstari wa mahudhurio unaporomoka. Kila mwaka, shule zile zile, majira yale yale.

Nikajua moja kwa moja ni nini. Malaria! Madibira ni maji matupu, mifereji na majaruba ya mpunga kila upande, mbu wanaishi kama wamepewa hati ya kiwanja. Nikaandika kichwa cha habari kuhusu homa inayowatoa watoto darasani. Nikakipenda. Nikaanza hadi kutafuta daktari wa kumhoji.

Kabla sijampata, nikampigia Kaka Festo, kaka yangu mkubwa, kumwambia mchele wake umefika salama. Yeye analima kule kule Madibira. Mwishoni nikamwambia anipe Upendo nimsalimie, binti yake wa darasa la tano. Ilikuwa siku ya shule, jioni.

"Hajarudi," akasema. "Yuko kwa ndege."

Nikamuaga. Nikakata simu. Nikabaki naitazama ile grafu, na nilitamani kujichapa.

Yuko kwa ndege! Kwetu mpunga ukianza kuweka maziwa, kwelea kwelea wanakuja makundi kwa makundi, ndege wadogo ambao ukimshika mmoja unamhurumia, lakini wakishuka pamoja wanaweza kulimaliza jaruba kabla uji haujapoa. Lazima mtu asimame shambani tangu alfajiri hadi jua lizame, apige debe, apige kelele, arushe udongo kwa kombeo. Na huyo mtu ni mtoto. Nimesimama mimi kwenye yale matuta, sauti ikanikauka wiki nzima. Na kwetu hakuna anayeliita jambo hilo utoro. Ukiuliza fulani yuko wapi, unajibiwa yuko kwa ndege, kama vile ungejibiwa yuko dukani, na mazungumzo yanaendelea.

Mtu wa kutoka Dar angeuliza. Angesema samahani, hawa watoto huwa wanaenda wapi? Mimi sikuuliza kwa sababu ni mwenyeji, najua kila kitu. Ndiyo ujinga wa mwenyeji huo.

Nikaifuta homa yote. Nikaandika upya habari ya ndege. Na kwa kuwa nilikuwa nimejifunza kutengeneza ramani, nikaweka na ramani, ya kupendeza, kila shule na nukta yake. Unagusa nukta, linatokea jina la shule, kijiji, madarasa, na mstari wa kila darasa. Niliionea fahari ile ramani kuliko kitu chochote nilichowahi kutengeneza. Nikaitwa kwenye usaili.

Ijumaa nikawa Iringa.

Mkuu wa chumba chao cha habari anaitwa Dada Halima. Ni mtoto wa Iringa mjini, kwao ni watu wa biashara za vitambaa tangu mababu zake walipopanda kutoka pwani, na anaongea Kiswahili ambacho ukikisikia unajirekebisha mwenyewe. Alikuwa na wenzake wawili. Wakaiweka kazi yangu kwenye skrini ukutani. Nikaeleza. Nikaona wanainamia mbele kusikiliza. Ndugu zangu, mimi, wa mbuzi waliopotea!

Dada Halima akachukua kipanya mwenyewe, akawa anagusa nukta moja moja. "Hii ndiyo kazi," akasema. "Hii tunaipandisha Jumatatu asubuhi."

Halafu akagusa nukta nyingine, na ukuta mzima ukajaa darasa la tano la shule ya Upendo.

Mstari wake karibu unagusa chini. Ile ni shule ndogo, darasa la tano ni chumba kimoja. Mle ndani hakuna aliyejua lolote zaidi ya mimi. Lakini kijijini hakuna haja ya majina. Anayelijua darasa lile atakwambia huku anakunywa chai ni watoto wa nani waliokuwa shambani. Na mtendaji wa kijiji analijua, ila ikitoka hadharani hataweza kufumba macho tena. Mzazi asiyempeleka mtoto shule anaitwa ofisini, anapigwa faini, akibisha anapelekwa mbele. Shamba la Kaka Festo liko kando ya barabara, kila apitaye alimwona Upendo na debe lake. Wangeanza na yeye.

Baridi iliyonipata pale haikuwa ya Iringa.

Nikasikia mdomo wangu unasema, "Dada Halima, naomba ramani isitoke."

Nikaeleza kuhusu mtendaji na faini. Sikumtaja kaka yangu, nikaona aibu, kisha nikaona aibu ya kuona aibu, nikamtaja. Dada Halima hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Akasema taratibu, "Nakuelewa, mdogo wangu. Lakini ramani ndiyo iliyokuleta hapa. Ukiitoa, wenzako waliobaki wana ramani. Nenda kafikiri, Jumapili jioni uniletee jibu."

Nikashuka zile ngazi nikiwa na kazi mkono mmoja na kaka yangu mkono mwingine, na nilijua kabisa siwezi kufika na vyote viwili.

Sikurudi Mbeya. Nilishuka Mafinga, nikatafuta gari la Madibira, kwa sababu niliona siwezi kuamua jambo la watu nikiwa mbali nao. Na nikiri tu, sehemu yangu moja ilikuwa inaenda kuomba ruhusa. Nilitaka kaka aseme "weka tu ramani, mdogo wangu, usijali," nipate kazi yangu na usingizi wangu.

Hakusema hivyo.

Jana asubuhi nilimkuta anaanika mpunga uwanjani. Tukaamkiana, kamwene, kamwene, habari za Mbeya, nzuri, karibu uji. Wifi yangu, mama Upendo, akaniletea kigoda. Nikawafungulia kompyuta nikawaeleza kila kitu. Kaka alisikiliza akiwa na reki mkononi.

"Kwa hiyo umesoma chuo," akasema, "umefika huko mjini, ukaona cha kuandika ni kwamba ndugu zako hawapendi watoto wao wasome."

"Sijaandika hivyo, kaka."

"Mstari wako umesema nini sasa? Si ndiyo hivyo?"

Wifi akadakia kwamba wakati wa ndege yeye yuko mfereji wa juu, kaka yuko jaruba la pili, sasa abaki nani? Au nije mimi kutoka Mbeya nipige debe? Hapo nilitaka kulia na nilitaka kugombana, vyote pamoja. Nikasema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia kwamba hata mimi nilisimama kwenye hayo matuta, naijua kazi yake, na simlaumu mtu! Kuku wakakimbia. Tukaona haya wote watatu.

Upendo alikuwa amechuchumaa nyuma yangu muda wote, anaangalia skrini.

"Shangazi, hii ni shule yetu?"

Nikamwambia ndiyo, na huu ni mstari wa darasa lenu, ukiwa juu mmekuja wengi, ukiwa chini mmekuja wachache. Akaufuata kwa kidole kuanzia mwanzo wa mwaka, polepole, ukapanda, ukatulia, ukaanguka. Kidole kikasimama kule chini kabisa.

"Hapa mimi nilikuwa kwa ndege," akasema. Halafu akafikiri. "Hapa ndipo walipofundisha hesabu za sehemu. Ndiyo maana sizijui sehemu. Za kujumlisha naziweza kidogo, lakini za kugawanya siziwezi kabisa. Mwalimu alisema ameshazifundisha."

Hakuwa analalamika. Alikuwa anasema tu, kama mtu aliyepata kitu kilichopotea chini ya kitanda. Anajua kupika ugali, anajua kupiga kombeo kuliko mjomba wake, na alikuwa amejiamini kwamba yeye ni mjinga wa hesabu. Kumbe hakuwepo.

Kaka Festo aliweka reki chini. Akasogea, akainama karibu na skrini, akatazama kile kidole. Sitasahau uso wake, na siwezi kuueleza, ila nilimpenda sana wakati ule.

Nikamuuliza Upendo likizo ilianza lini, nikaifungua kalenda ya shule nikaiweka chini ya mstari. Na mambo yakajipanga yenyewe mbele ya macho yetu. Mstari unaanguka, mpunga unaiva, ndege wanakula wanashiba wanaondoka, mpunga unavunwa. Halafu ndiyo shule inafungwa. Watoto wanapewa likizo wakati jarubani hakuna ndege hata mmoja.

Likizo inafika ndege wakiwa wameshashiba.

Nilisema hivyo kwa sauti, na wifi akacheka kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Hiyo andika," akasema. "Hiyo ni kweli tupu."

Na mimi nikaelewa kwamba nilikuwa nimeishika habari mkiani. Nilikuwa natafuta ni kijiji gani, ni shule gani, ni nani. Kumbe swali kubwa ni kalenda. Kuna mtu anaweza kukaa mezani akasogeza likizo ya shule za kwenye mpunga, au kijiji kikakubaliana kupeana zamu watu wazima, au mwalimu akarudia yale masomo baada ya mavuno. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji jina la shule ya Upendo.

Kaka alinisindikiza hadi kwenye gari. Karibu na stendi akasema, "Andika, Vumi. Ila mtuandike kama watu." Nikamwambia sawa kaka. Akanipakilia mchele mwingine, ule wa kwanza bado sijaumaliza.

Leo tangu kumekucha nimekuwa kwenye kompyuta. Nimezichanganya shule zote za bondeni zikawa mstari mmoja. Chini yake nimeweka majira ya mpunga, chini yake likizo. Hakuna nukta, hakuna vijiji, hakuna darasa la tano. Ramani nimeifuta. Siyo kuificha, nimeifuta kabisa, kwa sababu najijua. Iliuma. Ile rangi ya kijani niliihangaikia sana.

Kwenye barua nimemwambia Dada Halima ukweli. Kwamba habari ni hii, naiamini kuliko ile ya kwanza, na kama ramani ndiyo sharti la kazi, basi nafasi ampe mwingine, na nitamshukuru kwa kunisikiliza. Niliifuta sentensi hiyo ya mwisho, nikairudisha, nikaifuta tena, nikairudisha. Nikatuma.

*

Narudi kuandika.

Mama Zuhura, mwenye nyumba wangu, aligonga na sahani ya vitumbua. Yeye ni wa Kilwa aliyeolewa huku juu zamani na hajaizoea baridi hadi leo. Ananiita mwandishi wangu. Alinikuta nimesimama katikati ya chumba na simu sikioni, nachezesha mkono nikimwomba asubiri, na akasubiri pale pale mlangoni bila kuona haya hata kidogo.

Alikuwa Dada Halima.

"Nimesoma," akasema. "Nimekasirika kidogo, nilikuwa nimeshaipenda ile ramani." Nikasema pole, dada. Akacheka. "Mimi na wenzangu tumebishana tangu uitume, Jumapili ya watu imeharibika kwa ajili yako. Inatoka kesho bila ramani. Na wewe mwezi ujao njoo tuanze kwa majaribio. Ukiniharibia nakurudisha Mbeya."

Majaribio si ajira, najua. Sijapagawa. Nimeruka tu kidogo, na Mama Zuhura ameruka na mimi bila kujua tunarukia nini, na kitumbua kimoja kimeanguka chini. Amekiokota, amekipuliza, amenipa nile. Nimekula.

Baadaye nilipotulia, likanijia jambo moja likaniondolea raha. Kaka Festo hasomi habari mtandaoni. Wala wifi, wala majirani zao. Wanasikiliza redio. Kesho habari yao itasomwa Iringa, Dodoma, sijui hadi nje ya nchi, na wao wenyewe hawatakuwa na habari.

Nikampigia Kaka Ambakisye, Jumapili, nyumbani kwake, jambo ambalo halipendi. Nikamwambia naondoka mwezi ujao. Akanipongeza kwa sauti ya mtu aliyeumia kidogo, na nikaumia kidogo pia. Nikamwomba nafasi kwenye kipindi cha asubuhi kabla sijaondoka. Akauliza kama nilivyojua atauliza.

"Huo mstari utausomaje hewani?"

Kwa mara ya kwanza nilikuwa na jibu. Nikamwambia hatusomi mstari. Tunarekodi mwalimu anaita mahudhurio, majina ya kutunga, na watoto wanaitikia "nipo", "nipo", darasa zima. Nyuma yake, kwa mbali, debe linapigwa. Wiki zinakwenda, debe linakaribia, na "nipo" zinapungua. Hadi mwalimu anaita na hakuna anayeitika, ni debe tu. Halafu kimya. Halafu tunasema, likizo imeanza.

Kaka Ambakisye akacheka, na safari hii hakuwa ananicheka mimi.

"Ndaga, Vumi," akanishukuru kwa Kinyakyusa. "Hapo umenipata. Njoo kesho mapema tutafute debe."

Jua limeshazama nyuma ya mlima Loleza na chumba kimekuwa barafu. Nafunga kompyuta, joto langu la bure linaisha. Kesho natafuta debe, na jioni nampigia Upendo tuanze sehemu za kugawanya kwa simu, nimeshamuahidi, ingawa itabidi na mimi nizikumbuke kwanza.

Mwakani ndege watarudi, hilo halina shaka. Mwalimu wa darasa la sita atasimama asubuhi na kuita majina. Upendo, utaitika?